Gumba la Mwana wa Bunkeya

Baba mkubwa alinifundisha gitaa hapa Lubudi, kwenye kibaraza kinachotazama kiwanda cha simenti. Kwa wiki nyingi alinikataza kupiga wimbo wowote mpaka dole gumba langu lizoee kutembea peke yake. "Gumba ndilo bezi," aliniambia. "Likisimama, muziki umekufa." Wimbo wa kwanza alionipa ulikuwa "Masanga".

Mwenye wimbo huo ni wa kwetu. Jean-Bosco Mwenda alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, ndani ya teritwari hii hii ya Lubudi, mji uliokuwa makao ya Msiri, mfalme wa Bayeke, hadi alipouawa na watu wa msafara wa Kizungu ulioongozwa na Stairs, Desemba 1891. Bosco aliushikilia ukoo huo, hata akajulikana pia kama Mwenda wa Bayeke.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika na mashine za kurekodia, alimkuta Jadotville, yaani Likasi ya leo, akamrekodi akipiga "Masanga". Kijana mmoja, gitaa moja, bendi hakuna. Upande mmoja wa santuri ya wakati ule ulibeba kama dakika tatu tu, lakini sikiliza alichokifanya humo! Gumba linakokota nyuzi nene bila kuchoka, kidole cha shahada kinacheza juu kwenye nyembamba, na mapigo yao yanapishana kama wapita njia wanaosalimiana bila kusimama. Mpaka leo nikiisikia santuri hiyo nasikia wapigaji wawili, na mikono najua ni ya mtu mmoja. Msomi David Rycroft alihitaji makala mbili, 1961 na 1962, kuyaandika mapigo hayo kwa nota.

Kampuni ya santuri ya Gallotone, ya Afrika Kusini, ikaitoa santuri hiyo, ikasambaa. Bosco akaenda Nairobi, na Kenya ikajaa vijana wa kupiga kwa vidole. Mwaka 1969 alipanda jukwaa la tamasha la muziki la Newport, Marekani. Alifariki kwa ajali ya gari Zambia, Septemba 1990.

Kinachoniuma ni kwamba hazina ya rekodi za Tracey imetunzwa vizuri Makhanda, Afrika Kusini, huku watoto wa Bunkeya wakikua bila kuujua mkono wa Bosco. Wewe uliye Kolwezi, Fungurume au Lubudi, mwanao akishika gitaa, mwanzishe kwa "Masanga". Gumba kwanza.