Namba tasa, vigawo na vigawe: usiache kupima njiani

Namba inaweza kuonekana tasa kumbe si tasa. Mwanafunzi hujaribu 2, 3 na 5, akaona zinakataa, akaandika jibu na kupoteza alama. Hapa tunaeleza vigawo, vigawe na namba tasa, kisha tunaonyesha mahali hasa pa kusimamisha upimaji.

Kigawo ni nini?

Kigawo cha namba ni namba nzima inayoigawanya bila baki. Mkulima wa Tengeru mwenye miche 60 ya kahawa, akitaka safu zilizo sawa, anatafuta vigawo vya 60. Njia rahisi ni kuviandika kwa jozi: 1 × 60, 2 × 30, 3 × 20, 4 × 15, 5 × 12 na 6 × 10. Ukiendelea, 7, 8 na 9 zinakataa, na 10 tumeshaipata. Jozi zimeanza kujirudia, kwa hiyo kazi imekwisha: 60 ina vigawo 12.

Akiongeza mche mmoja mambo yanabadilika. 61 inagawanyika kwa 1 na kwa 61 tu. Miche hiyo itakaa safu moja ndefu, au safu moja itapungukiwa. Namba kama hiyo, yenye vigawo viwili tu, yaani 1 na yenyewe, huitwa namba tasa. Namba 1 si tasa, kwa kuwa ina kigawo kimoja tu. Namba 2 ndiyo namba tasa pekee iliyo shufwa.

Kigawe ni nini?

Kigawe hupatikana kwa kuzidisha. Vigawe vya 6 ni 6, 12, 18, 24 na kuendelea bila mwisho.

Kwenye miteremko ya Mlima Meru wakulima hugawana maji ya mifereji kwa zamu. Tuchukulie zamu ya familia moja hurudi kila baada ya siku 6, na mnada wanakouzia ndizi hurudi kila baada ya siku 7. Zamu na mnada vikigongana leo, vitagongana tena siku ya 42, ambayo ni Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS) cha 6 na 7. Lakini zamu ikiwa ya siku 14, kila siku ya maji itaangukia siku ya mnada, kwa sababu 14 ni kigawe cha 7. Anayepanga zamu asipoliangalia hilo, familia itakosa soko kila mara.

Namna ya kupima

Igawe namba yako kwa namba tasa, ukianzia 2, hadi ufikie kipeuo chake cha pili. Tupime miaka inayojulikana Arusha. Kipeuo cha pili cha 1967 ni 44 na kitu, kwa hiyo mwisho wa kupima ni 43. Hakuna haja ya kuvuka hapo: vigawo viwili vyote vikianzia 45, zao lao haliwezi kupungua 2025.

1967, mwaka wa Azimio la Arusha: inaishia na 7, basi 2 na 5 hazifai. Jumla ya tarakimu zake ni 23, basi 3 haifai. Jaribu 7: 7 × 281 = 1967. Si tasa.

1961, mwaka wa uhuru wa Tanganyika: 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29 na 31 zote zinaacha baki. Aliyechoka hapo ataandika "tasa" na atakosa, kwa sababu 37 × 53 = 1961.

1999, mwaka uliosainiwa hapa Arusha mkataba wa kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki: kuanzia 2 hadi 43, kila namba tasa inaacha baki. Sasa tunaweza kusema kwa uhakika: 1999 ni tasa.

Zoezi

Pima 2021, kisha 2027, mwaka ambao Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa kuandaa AFCON. Moja tu ni tasa. Usiweke kalamu chini kabla ya kujaribu 43.