Ndiva na Daftari la Serikali: Nani Aliyesajili Maji ya Upare?

Kila linapozungumzwa Bonde la Pangani, hoja moja haikosi kurudi: kwamba mkulima wa mfongo, yaani mfereji wa asili wa kumwagilia, ni mtumiaji asiye rasmi, anayechepusha maji ya kijito bila utaratibu mpaka siku atakapoandikishwa. Hoja hiyo imekaa katika ripoti na mafunzo kwa muda mrefu hivi kwamba wakulima wenyewe wameanza kuiamini. Makala haya yanaipinga. Upare ulikuwa na usajili wa maji kabla ya serikali yoyote kufungua daftari mjini Same, na ugumu wa usajili wa leo umetokana na kila utawala kuanza kuandika upya bila kusoma yaliyokwisha kuandikwa, kwa wino au kwa kumbukumbu za wazee.

Mandhari yenyewe msomaji anayajua. Tambarare ya Same iko upande wa milima unaonyimwa mvua. Vuli huja ikakatika, masika nayo haina ahadi. Juu, kilele cha Shengena na msitu wa Chome hupokea mawingu na kutoa vijito. Anayelima kati ya huko na huko ataishi kwa kuyaongoza maji, au atahama. Habari za Ugweno, za wafua chuma Washana na mapinduzi ya Wasuya, zimeelezwa vya kutosha na mwanahistoria Isaria Kimambo katika kitabu chake cha 1969 juu ya historia ya kisiasa ya Wapare, nami sitazirudia.

Ninachotaka kukirudia ni namna Kimambo alivyofanya kazi. Mwana huyo wa Upare alikwenda kwa koo, moja baada ya nyingine, akazichukulia simulizi zao kuwa ushahidi, wakati ambapo vyuo vingi vilikuwa bado vinaziita hekaya. Njia yake inafaa sana katika suala la maji, kwa sababu mfongo haukuchimbwa na kabila zima. Ulichimbwa na ukoo, na ukoo unakumbuka. Atakayeuliza mfongo ni wa nani atasimuliwa nani alifungua banio, nani alikaribishwa baadaye na kwa masharti gani. Hiyo ni hati ya umiliki, ila imehifadhiwa mdomoni.

Wapo wanaodai kwamba umwagiliaji huu ulifundishwa na wamisionari au na Wajerumani. Dai hili halistahili muda mrefu. Misheni ziliingia Upare ya Kusini mwanzoni mwa karne ya 20, na zilikuta watu wanaokula chakula cha mashamba ya kumwagilia, wakiwauzia pia wasafiri wa misafara ya njia ya Pangani. Utafiti wa tope la kinamasi huko Upare ya Kaskazini, uliochapishwa mwaka 2014, umetoa kumbukumbu ya miaka 1,400 ya mazingira na mkono wa binadamu juu yake. Mjadala wenye uzito ni mwingine: kwa nini Wapare walizidisha umwagiliaji? Thomas Håkansson, aliyechunguza Upare ya Kusini, anatilia mkazo biashara ya kubadilishana nafaka na mifugo, badala ya kudhani kwamba wingi wa watu peke yake uliwalazimisha. Michael Sheridan, katika makala yake ya mwaka 2002 kuhusu Upare ya Kaskazini, anasisitiza kwamba banio la mfongo lilikuwa pia jambo la uzazi, la mizimu na la heshima kati ya rika na rika. Mimi naona wote wawili wana haki. Maji yaliyoleta ng'ombe nyumbani yalihitaji pia baraka za wazee ili yasigombaniwe.

Sasa tuitazame ndiva, yaani bwawa dogo la kukusanyia maji, maana hapa ndipo penye jibu la nani aliyesajili. Kijito cha mlimani wakati wa kiangazi hutiririka kidogo mno. Ukiyaachia maji hayo mfereji wa udongo moja kwa moja, yatanywewa njiani kabla ya kufika shamba la mbali. Kwa hiyo usiku, watu wakiwa wamelala, maji huelekezwa ndivani yakakusanywa nyuma ya ukuta. Asubuhi tundu hufunguliwa, maji yakatoka kwa nguvu ya kutosha kulifikia shamba la mwenye zamu. Katika Bangalala, Vudee na vijiji vingine vya bonde la Makanya, ndiva kwa kawaida haitoshi kulilisha shamba msimu mzima. Kazi yake ni kuvusha mahindi na maharagwe katika wiki zile za ukame katikati ya mvua mbili, ambazo ndizo huamua kama kutakuwa na mavuno.

Kwa kuwa maji hayo ni machache na yana saa, ndiva haiwezi kuendeshwa bila orodha. Lazima ijulikane leo ni zamu ya kitongoji gani, ndani yake ni zamu ya nani, na nani alikosa msaragambo, yaani kazi ya pamoja, wa kuzoa tope na kuzibua mfereji. Asiyefika kazini hulipa faini au hupoteza zamu. Zamani mamlaka hayo yalikuwa kwa wazee wa ukoo mwanzilishi; leo yako kwa kamati yenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Tuulize basi: msajili wa maji hufanya nini zaidi ya haya? Hutambua mwenye haki, hupima sehemu yake, huweka wajibu na huadhibu ukiukaji. Ndiva hufanya yote manne, na hufanya kila siku.

Utawala wa Waingereza uliikuta hali hii na kuiacha pembeni. Sheria ya kwanza ya kusimamia maji ya asili Tanganyika, ya mwaka 1923, ililenga hasa walowezi na mashamba makubwa, huku matumizi ya wenyeji yakiachwa chini ya mila zao. Sheria ya 1948 ilikwenda mbali zaidi: maji yote ya nchi yalikabidhiwa kwa Gavana, na ile ya 1959 ikaendeleza mkondo huo. Wapo wanaousifu mpango wa kuwaachia wenyeji mila zao kwa kuwa uliziheshimu. Sikubaliani nao. Mlowezi alipewa karatasi yenye kipimo, akaweza kuishika mbele ya hakimu. Mwenye mfongo aliachiwa mila isiyoandikwa popote, na siku karatasi na mila zilipogongana, karatasi ndiyo iliyokuwa na nguvu. Mila iliheshimiwa kwa namna iliyoifanya ishindwe.

Tena tusisahau kwamba katika miaka hiyohiyo Wapare walikuwa wamejifunza kuogopa daftari. Mgogoro wa Mbiru, kuanzia 1944 hadi 1947, ulihusu kodi iliyopangwa kwa kukadiria mali ya kila mtu. Mwanzoni mwa 1945 maelfu ya watu waliteremka milimani wakaenda Same kuikataa. Kimambo aliuandikia kitabu kizima. Walichokataa hasa ni mkadiriaji anayekuja kuhesabu mali yao. Ofisa anayeshangaa leo kwa nini mzee wa mlimani husita kutaja ukubwa wa shamba lake kwa mgeni mwenye fomu, na akaanze kwa kusoma habari za Mbiru.

Baada ya uhuru, uchifu ulifutwa mwaka 1963, vijiji vikapangwa upya miaka ya 1970, na Sheria Na. 42 ya 1974 ikayaweka maji yote mikononi mwa Jamhuri. Sheridan ameonyesha jinsi mamlaka ya zamani juu ya ardhi na maji yalivyolegea Upare ya Kaskazini bila mapya kushika nafasi yake. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 1981 yalileta mfumo wa mabonde, na mwaka 1991 ikaanzishwa Ofisi ya Maji ya Bonde la Pangani. Mwaka 1995 mitambo mipya ya umeme ya Pangani Falls, yenye megawati 68, ilianza kazi, na macho yakageukia milimani kutafuta nani anapunguza maji. Lawama hiyo haikuwa na uzito Makanya, ambako mto mara nyingi hukauka tambarareni na kuufikia Pangani wakati wa mafuriko tu.

Ndipo zikaja fomu. Chini ya mradi wa Benki ya Dunia wa miaka ya 1990 katika mabonde ya Pangani na Rufiji, wakulima walihimizwa kuunda vyama, kuomba haki ya maji na kulipa ada. Barbara van Koppen na wenzake, waliochunguza Ruaha Mkuu, waliandika mwaka 2004 kwamba ada haikuleta nidhamu iliyotarajiwa. Aliyelipa aliweza kujiona ana ruhusa ya kuchukua zaidi. Sheria Na. 11 ya 2009 ilileta vibali vya kutumia maji, jumuiya za watumia maji na, jambo linalosahaulika mno, ikatambua haki za kimila. Mlango uko wazi kisheria. Kinachokwaza ni taratibu: maombi, ukaguzi, ada ya kila mwaka, na kipimo cha lita kwa sekunde kwa kijito ambacho Aprili hunguruma na Septemba hunong'ona.

Sisemi ndiva haina dosari. Wanawake na wageni wasio wa ukoo wamekuwa mara nyingi mwishoni mwa foleni. Marloes Mul na wenzake walieleza mwaka 2011 kwamba makubaliano ya kugawana maji kati ya majirani wa juu hayatoshi kuliangalia bonde zima. Kijiji cha Makanya kilichoko chini hakina kiti katika kikao cha ndiva. Hapo bodi ya maji ya Bonde la Pangani inahitajika kweli, iwe msuluhishi kati ya ndiva na ndiva, iwaachie wenye ndiva kugawana ya kwao.

Na njia ipo. Nchini Oman, mifereji ya falaj hugawanywa kwa muda: mwenye sehemu humiliki athar, takriban nusu saa ya maji, na mgawo huo huwekwa katika kumbukumbu zinazoheshimiwa. Mwaka 2006 UNESCO iliiweka mitano kati ya mifereji hiyo katika Urithi wa Dunia. Kama nusu saa inaweza kuwa haki halali huko, zamu ya ndiva inaweza kuwa haki halali Same.

Kurahisisha usajili basi kuanze na mambo manne. Orodha ya zamu ya ndiva ipokewe kuwa ushahidi wa haki ya kimila. Kibali kitolewe kwa ndiva zote za kijito kimoja kwa pamoja, kikitaja siku na saa. Wanawake na wasio wa ukoo waandikwe humo kwa majina yao. Na anayemwagilia shamba dogo la chakula asamehewe ada. Haya hayahitaji sheria mpya. Yanahitaji bodi ya bonde na halmashauri za Same na Mwanga kukubali kwamba daftari la kwanza la maji ya Upare ni la ndiva. Wazee wanaoikumbuka orodha hiyo wanapungua, na kazi ya kuiandika ifanyike sasa.