Mjukuu wa Kiwanuka na utabiri wa Giants

Wadau, msimu wa usajili ukifika, hapa Lugoba kila mtu ni mtabiri. Madereva wa malori ya kokoto, wauza chipsi, vijana wanaosubiri mabasi ya Tanga na Arusha pale barabarani, wote wanajua Simba atamsajili nani na Yanga atamtema nani. Hoja yao huwa ni ile ile: timu ina pengo kwenye namba fulani, basi itamchukua fulani. Leo naomba tuipime hoja hiyo kwa mchezo ambao wengi wetu hatuufuatilii kabisa, futiboli ya Kimarekani, ule mpira wenye umbo la yai wanaoukumbatia na kukimbia nao, kofia ngumu kichwani. Na tutaipima kwa mtu mwenye jina ambalo kila aliyesoma historia ya Afrika Mashariki atalitambua: Kiwanuka.

Kwanza tuelewane kuhusu drafti. Siyo ile ya vizibo vya soda. Kule Marekani kijana anayetoka chuo kikuu hachagui klabu, klabu ndiyo inamchagua yeye. Klabu zinapanga foleni, ile iliyoboronga zaidi msimu uliopita inachagua kwanza, bingwa anachagua mwisho, halafu mzunguko unaanza upya. Wazo lilikuwa la Bert Bell, mmiliki wa Philadelphia Eagles, timu iliyokuwa ikichapwa kila kukicha, ambaye alichoka kuona matajiri wakizoa vijana wote wazuri. Drafti ya kwanza ilifanyika tarehe 8 Februari 1936, timu zikiwa 9. Eagles wakachagua wa kwanza, wakamtaja Jay Berwanger, nyota mkubwa wa vyuo wakati ule. Jamaa hakucheza hata mechi moja ya kulipwa! Yaani mkosi ulianza siku ile ile.

Mwaka 1980 televisheni ya ESPN ikaanza kuonyesha zoezi hilo moja kwa moja, na hapo utabiri ukawa kazi ya watu. Mpaka leo kuna mtu anaitwa Mel Kiper, yuko kwenye drafti za ESPN tangu 1984, na anakula kwa kutabiri tu.

Sasa twende Aprili 2006. Mwaka ule mambo yaliharibika mapema. Houston Texans ndio waliokuwa mbele ya foleni, na karibu dunia nzima ilisema watamchukua Reggie Bush, mkimbiaji aliyekuwa gumzo la nchi. Siku moja kabla ya drafti wakatangaza kwamba wanamchukua Mario Williams, mlinzi wa pembeni. Kazi ya walinzi hawa ni kumvamia yule anayepiga pasi, ambaye wenyewe wanamwita kwotabeki, na kumwangusha kabla hajaachia mpira.

New York Giants walikuwa namba 25. Jiweke kwenye nafasi ya mtabiri. Walinzi wao wawili wa pembeni, Osi Umenyiora na Michael Strahan, msimu wa 2005 walimwangusha mpiga pasi mara 14.5 na 11.5 (ile nusu ni pale wawili wanapogawana mtu mmoja). Nyuma yao alikuwepo kijana Justin Tuck, aliyechaguliwa mwaka mmoja tu kabla. Kwa hiyo namba ile imejaa, na ya akiba ipo. Ungetabiri nini? Chochote, ila siyo mlinzi mwingine wa pembeni.

Meneja mkuu wao, Ernie Accorsi, akawauzia Pittsburgh Steelers nafasi yake ya 25, akachukua ya 32 pamoja na nyongeza ya raundi ya 3 na ya 4, kisha akamtaja Mathias Kiwanuka wa chuo cha Boston College. Mlinzi wa pembeni.

Hapa niwarudishe nyumbani kidogo. Mathias alizaliwa Indianapolis mwaka 1983, lakini babu yake ni Benedicto Kiwanuka, kiongozi wa Democratic Party na waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, mwaka 1962, miezi michache kabla ya uhuru. Obote alimshinda kwenye uchaguzi, baadaye akamweka kizuizini. Amin alipopindua mwaka 1971 akamtoa, akamfanya jaji mkuu. Hilo nalo nani angelitabiri? Kiwanuka akaichukua kazi kwa uzito wake. Aliamuru Mwingereza mmoja aliyeshikiliwa kinyume cha sheria aachiwe. Tarehe 21 Septemba 1972 watu wa Amin wakamkamata ndani ya Mahakama Kuu, Kampala, wakaondoka naye. Hakurudi. Miaka saba baadaye majeshi yetu yaliingia Kampala na Amin akakimbia, lakini kwa familia ile ilikuwa imechelewa.

Kwa hiyo lile jina liliposomwa New York, kwa Wamarekani lilikuwa jina gumu kutamka. Kwa watu wa huku lilikuwa na jambo jingine ndani yake.

Mwanzoni watabiri walionekana kuwa na haki ya kucheka. Novemba 2006 Giants waliongoza 21-0 dhidi ya Tennessee. Dakika za mwisho Kiwanuka akawa amemkumbatia kabisa mpiga pasi, Vince Young, akadhani filimbi imepigwa, akaogopa adhabu, akamwachia. Young akachomoka, na Giants wakalala 24-21. Mwaka 2007 wakamhamishia namba nyingine, maana ile yake ilikuwa imejaa kweli, na Novemba akavunjika mguu. Giants walipowashinda New England Patriots 17-14 kwenye fainali ya Super Bowl ya Februari 2008, yeye alikuwa majeruhi.

Halafu ndani ya miezi michache Strahan akastaafu, na Agosti 2008 Umenyiora akaumia goti, msimu mzima ukaisha kwake. Zile namba mbili zilizojaa zikawa wazi zote. Kiwanuka akarudi kwenye namba yake, akaangusha wapiga pasi mara 8. Mimi naona Accorsi hakuwa akiangalia pengo la siku ile. Alikuwa akiangalia pengo ambalo halijatokea, na hilo mtabiri hana namna ya kuliona kwenye orodha ya kikosi.

Sasa linganisheni na kesi yetu wenyewe. Juni 2009, kwenye kikapu, Memphis Grizzlies walishika nafasi ya 2, na watabiri wengi walisema watamchukua Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar, urefu sentimita 221. Wakapatia. Tanzania ikapata mchezaji wake wa kwanza NBA, na nchi ilishangilia (rais wa wakati huo, Jakaya Kikwete, mzaliwa wa Msoga hapa jirani, ni mpenzi wa kikapu wa siku nyingi). Lakini Memphis tayari walikuwa na Marc Gasol kwenye namba ile ile. Februari 2010 wakamshusha Hasheem ligi ya chini, mwaka uliofuata wakamuuza Houston. Waliochaguliwa baada yake ni pamoja na James Harden wa 3 na Stephen Curry wa 7.

Watabiri wa Memphis walipatia na klabu ikakosea. Kwa Giants, mtabiri wa pengo angekosea na klabu ikapatia. Tofauti nyingine ni kwamba kwenye futiboli ya Kimarekani walinzi hupokezana mechi nzima, hivyo wanne wote wanapata kazi. Kwenye kikapu, mrefu wa pili anakaa benchi.

Giants hawakuacha. Mwaka 2010, wakiwa na Tuck, Umenyiora na Kiwanuka, walimchagua Jason Pierre-Paul, namba ile ile. Tarehe 5 Februari 2012 wanne wote walikuwemo Giants walipoifunga tena New England, 21-17, kwenye fainali iliyochezwa Indianapolis, mji aliozaliwa Mathias. Na Aprili 2025, wakiwa tayari na Brian Burns na Kayvon Thibodeaux, nafasi yao ya 3 waliitumia kwa Abdul Carter. Naye ni wa kuvamia kutoka pembeni.