Mali ya Nani? Habari za Ndege Iliyokwama Mto Dungu

Ndugu msomaji, wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kweli kabisa. Lakini leo hebu tuigeuze methali hiyo chini juu, tuone kuna nini ndani yake. Ipo mali iliyokuwa na daftari safi kabisa, limeandikwa kwa wino na kugongwa muhuri, na bado nusu ya habari zake zikapotea. Mali yenyewe ni ndege. Tena si ndege ya kutua uwanjani, ni ya kutua majini. Iliitwa Corsair, namba yake ya usajili G-ADVB, na kwa Kiingereza jina hilo maana yake ni haramia wa baharini. Jina lilikuwa na utabiri, kama tutakavyoona.

Kwanza tuwekane sawa. Watu wengi wakisikia ndege ya majini hudhani zote ni moja. Sivyo. Kuna zile zilizovalishwa maboya mahali pa magurudumu. Kuna zile ambazo tumbo lenyewe ni boti: zinaelea kama mashua na kupaa kama ndege, lakini ukizipeleka nchi kavu hazina miguu. Halafu kuna zile za pande zote mbili, zenye tumbo la boti na magurudumu ya kukunja, zinazotua ziwani asubuhi na uwanjani jioni, kama kiboko anayeshinda majini mchana na kutoka kula majani usiku.

Aina hii ya tatu ndiyo waliyokuja nayo Martin na Osa Johnson, mume na mke wapiga sinema kutoka Kansas, Marekani, walioizunguka Afrika mwaka 1933 na 1934 kwa ndege mbili za Sikorsky. Moja waliipaka milia ya pundamilia, nyingine madoa ya twiga. Serengeti yetu waliipiga picha kutoka angani. Corsair ilikuwa ya aina ya pili, boti lenye mbawa. Haikuwa na miguu. Lishike hilo, maana ndilo lililoiponza.

Maji yetu, ndege zao

Sisi wa Rulenge tuko kwenye chimbuko la habari hii bila kujua. Maji ya Ruvubu yanakutana na Kagera kule Rusumo, Kagera inamwaga Ziwa Viktoria, na Viktoria ndiyo inayotoa Naili. Sasa njia ya ndege za Waingereza kutoka Ulaya mpaka kusini mwa Afrika ilifuata maji hayo hayo, ila wao waliyapanda kutoka mdomoni.

Na ndege za namna hii si ngeni ukanda huu. Juni 1916, wakati askari wa Kibelgiji wanaingia upande wa Ngara na Biharamulo kuwafukuza Wajerumani, ndege zenye maboya zilikuwa zinaruka juu ya Ziwa Tanganyika kwenda kuipiga Kigoma mabomu. Zilikuwa zinaiwinda meli ya Kijerumani Graf von Götzen, ile ile tuliyokuja kuiita Liemba. Ndege hizo zilitengenezwa na kampuni ya Short ya Uingereza. Mwenye mali Mwingereza, mwazimaji Mbelgiji, anayepigwa Mjerumani, na ziwa la nani? Swali hilo hakuna aliyeliuliza.

Kisha tarehe 28 Februari 1931 kampuni ya Imperial Airways ikaanzisha safari ya kila wiki kati ya London na Mwanza. Naam, Mwanza! Miaka ya baadaye njia ikahama. Kuanzia 1937 yakaja maboti makubwa zaidi yenye mbawa, ya kiwanda kile kile cha Short: injini nne, mbawa karibu mita 35 kutoka ncha hadi ncha, tani 18 hivi yakijaa. Yalitoka Southampton, yakavuka Mediterania, yakafuata Naili, yakatua Port Bell na Kisumu, kisha Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, mpaka Durban. Yote yalipewa majina yanayoanza na herufi C. Kwa nini majini? Kwa sababu viwanja vizuri vilikuwa vichache na kuvijenga ni gharama. Maziwa na mito ilikuwepo tayari, tena bure. Angalau kwa aliyejihesabu kuwa ni yake.

Siku ndege ilipopotea

Tarehe 14 Machi 1939 Corsair ilikuwa inarudi Uingereza kutoka Durban. Ikaondoka Port Bell, Uganda, kituo kinachofuata Juba, Sudan. Kapteni alikuwa Alcock, ndugu wa yule Alcock aliyevuka Atlantiki bila kutua mwaka 1919. Lakini kifaa cha redio cha kutafuta mwelekeo kiliwadanganya. Juba haikuonekana. Chini ni pori tu, na mafuta yanakwisha.

Hatimaye wakaona mto. Wakashuka. Boti likagusa maji salama, likakimbia, halafu likapanda mwamba na tumbo likachanika. Hakuna aliyekufa. Mto ule ulikuwa Dungu, karibu na Faradje, Kongo ya Wabelgiji. Ukitazama ramani utashangaa: maji ya Dungu hayaendi Naili. Yanaingia Uele, kisha Ubangi, kisha mto Kongo, mpaka Atlantiki. Yaani ndege ilikuwa imevuka mgongo wa Afrika, ikatoka maji ya bwana mmoja na kudondokea maji ya bwana mwingine.

Hapo ndipo patashika ilipoanza. Ndege yenye magurudumu ungeitafutia tambarare, ufyeke majani, ipae. Boti lenye mbawa linataka maji, na si maji ya kunawia miguu. Ili lipae, lazima likimbie mbele kwa kasi mpaka tumbo lake zito linyanyuke juu ya maji, na kukimbia huko kunataka mto mnyoofu, mrefu, wenye kina, usio na miamba. Dungu haukuwa na sifa hizo.

Mafundi wakaletwa kutoka Uingereza. Wakaziba tumbo, wakatengeneza injini. Julai 1939 rubani mwingine, Kelly-Rogers, akajaribu kuipaisha. Ikagonga mwamba tena, ikajaa maji tena. Septemba vita vikaanza Ulaya. Ndege za aina hii zilitengenezwa 42 tu, na wakati wa vita kila moja ilikuwa lulu. Ikaamuliwa kwamba kama mto hautoshi, basi mto wenyewe ubadilishwe.

Ukuta mtoni

Fikiri hapo, ndugu yangu. Mto unabadilishwa kwa ajili ya ndege moja! Ukajengwa ukuta wa kuuzuia Dungu, maji yakapanda nyuma yake, miamba ikazama, pakawa na ziwa dogo. Walioujenga ni vibarua wa Kikongo. Kijiji kilichoota pale kwa ajili ya kazi hiyo Waingereza wakakiita Corsairville, mji wa Corsair. Tarehe 6 Januari 1940, karibu miezi kumi tangu ianguke, ndege ikakimbia juu ya ziwa lile, ikapaa, ikaenda zake.

Kazi ya namna hiyo katika Kongo ya Wabelgiji tuielewe ilivyokuwa. Tangu 1917 sheria ya huko ilimruhusu mtawala kumlazimisha mwanakijiji kulima mazao yaliyotakiwa na serikali hadi siku 60 kwa mwaka, na bonde la Uele lilikuwa shamba kubwa la pamba. Mtu ambaye siku zake zilikuwa na mwenyewe tayari, anapoitwa mtoni, huwezi kusema tu kwamba aliitikia kwa hiari kama anayekwenda harusini.

Mwenye mali abadilika

Sasa turudi kwenye daftari, maana hapa pana kituko. Corsair ilipoanguka, mwenyewe alikuwa Imperial Airways. Wakati imelala Dungu, huko London ikapitishwa sheria ya kuunganisha kampuni hiyo na British Airways ya wakati ule, na Novemba 1939 likaundwa shirika la serikali lililoitwa BOAC. Tarehe 1 Aprili 1940 shirika hilo likachukua kazi na mali zote. Kwa maneno mengine, vibarua wa Faradje waliikomboa mali ya kampuni ambayo siku zake zilikuwa zinahesabika, na miezi mitatu baadaye mali hiyo ikawa ya serikali ya Mwingereza. Karatasi moja tu, ndege ikabadili bwana.

Italia ilipoingia vitani Juni 1940, njia ya Mediterania ikafungwa. Maboti ya BOAC yakawa yanatoka Durban, yanapanda pwani yetu na Ziwa Viktoria mpaka Cairo, kisha India, Singapore na hadi Sydney, njia iliyopinda kama kiatu cha farasi. Singapore ilipotekwa na Wajapani Februari 1942, ikaishia Calcutta. Corsair nayo ikadumu kazini mpaka vita vikaisha. Mwaka 1947 ikavunjwa huko Uingereza. Vyuma chakavu. Katika 42 zile, leo hakuna hata moja iliyobaki nzima.

Kilichoachwa na daftari

Daftari la usajili wa ndege lina safu zake: namba, mtengenezaji, mwenye mali, tarehe ya kusajiliwa, tarehe ya kufutwa. Halina safu ya mtu aliyebeba jiwe. Ukilisoma peke yake utadhani ndege hii ilikuwa na wenyewe wawili, basi. Lakini bila wale wa Dungu ingekwisha pale pale mtoni, na BOAC isingekuwa na cha kurithi. Anayekiokoa kitu kisife ana haki gani juu yake? Sheria ya bahari inamtambua anayeokoa meli ya watu na kumpa fungu lake. Kibarua wa Faradje sheria hiyo haikumfikia. Yeye alikuwa mkono tu.

Tena ona hadithi inavyokaa na wenyewe. Ile ndege ya pundamilia ya akina Johnson, zaidi ya nusu karne baadaye Wamarekani waliunda ya mfano wake, na milia yake, ikaruka. Kumbukumbu ina mlezi. Ya Dungu ililelewa na Waingereza nayo: kitabu kizima kiliandikwa, kikatoka London mwaka 2000.

Na tusijifanye jambo hili ni la Kongo peke yake. Bushubi na Bugufi, ardhi hii hii, imewahi kusajiliwa kwa mabwana tofauti. Mjerumani mpaka 1916. Mbelgiji mpaka 1921. Kisha Mwingereza mpaka Uhuru, 1961. Kila mmoja alikuwa na karatasi yake. Waliobeba mizigo ya vita ile ya kwanza wameachiwa neno moja tu mjini: Kariakoo, kutokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza. Kila siku unanunua nyanya na mitumba pale, lakini jina la mpagazi mmoja unalo? Walau soko limebeba jina la kazi yao. Ule mji wa Dungu ulibeba jina la ndege.

Kwa hiyo wewe kijana unayetaka kuandika, usingoje ndege ikuangukie ndipo uwe na hadithi. Nenda kaulize barabara inayopita kwenu ilichimbwa na nani, daraja lilijengwa na akina nani, kanisa lilipanda kwa matofali ya nani. Andika majina, na mwaka, na walilipwa nini. Usione haya kwamba ni habari ndogo. Daftari la mwenye mali lipo na litatunzwa, usiwe na wasiwasi nalo. Linalokosekana ni la aliyeshika jiwe, na hilo halina karani mwingine zaidi yako.