Kijiti cha Mkojo na Mkemia wa Kiwanda cha Bia

Mtaalamu wa maabara anachovya kijiti cha plastiki kwenye kikopo cha mkojo, anakikung'uta, anatazama saa. Dakika moja ikipita, kimojawapo cha viraka vilivyobandikwa kwenye kijiti kinageuka waridi. Anaandika kwenye fomu: nitriti, ipo.

Rangi hiyo ina zaidi ya miaka 140, tena haikuzaliwa hospitalini. Aliyeivumbua ni Peter Griess, Mjerumani aliyekuwa mkemia wa kiwanda cha bia cha Allsopp mjini Burton upon Trent, Uingereza. Bia ndiyo iliyomlipa mshahara, lakini moyo wake ulikuwa kwenye kemia ya rangi. Mwaka 1879 alichapisha njia ya kuitambua nitriti kwa wekundu unaojitokeza hata ikiwa kidogo mno.

Nitriti mkojoni ni dalili ya bakteria. Mwaka 1885 daktari wa watoto Theodor Escherich, akiwa Munich, alieleza bakteria aliowakuta kwenye kinyesi cha watoto wachanga. Leo wanaitwa Escherichia coli, na ndio wanaosababisha sehemu kubwa ya maambukizi ya njia ya mkojo (UTI).

Maisha ya kibofuni ni ya dhiki. Sukari karibu haipo na oksijeni ni haba. E. coli hujikimu kwa asidi amino na vipande vya protini vilivyomo mkojoni. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walionyesha kwamba bakteria hao wakinyimwa uwezo wa kujitengenezea sukari kutokana na makombo hayo, hudhoofika ndani ya vibofu vya panya. Na oksijeni ikipungua, hupumua kwa nitrati, ile ile inayotokana na mboga kama mchicha wa jana jioni. Nitrati ikishatumika hubaki nitriti. Pumzi yao yenyewe ndiyo inayowaumbua.

Kugeuza nitrati kuwa nitriti huchukua muda, yapata saa nne mkojo ukiwa kibofuni. Anayekwenda haja kila baada ya nusu saa kwa sababu ya maumivu anaweza kuwa mgonjwa kabisa na kijiti kisibadilike. Bakteria wa Enterococcus nao husababisha UTI bila kutengeneza nitriti. Kwa upande mwingine, vijiti vilivyoachwa kwenye kopo lisilofunikwa huweza kugeuka waridi kwa hewa tu.

Kwa hiyo, msomaji, ukiagizwa kupima, peleka mkojo wa kwanza wa asubuhi. Majibu yakisema hakuna kitu na mkojo bado unachoma, usikimbilie dawa dukani: rudi kwa daktari, uombe mkojo uoteshwe maabara.