Mashabiki wa Doctor Who na Sauti Zilizookolewa
Doctor Who, tamthilia ya kubuni ya kisayansi iliyoanza kurushwa na BBC ya Uingereza tarehe 23 Novemba 1963, ilipoteza sehemu nyingi za miaka yake ya mwanzo, kwa kuwa kanda za video zilikuwa ghali na shirika lilizifuta ili zitumike tena. Waliookoa sauti ni mashabiki, ambao baadhi yao waliweka kipaza sauti mbele ya televisheni sebuleni, huku waliomo ndani wakitakiwa kunyamaza, wakanasa kila neno kwenye utepe wa sumaku, yaani ukanda mwembamba unaozungushwa kati ya magurudumu mawili. Ndiyo maana hakuna sehemu iliyopotea ambayo sauti yake haikubaki. Picha zilitegemea zaidi bahati: mwaka 2013 ilitangazwa kwamba sehemu 9 zimepatikana katika stoo ya kituo cha televisheni mjini Jos, Nigeria, kwani nakala za filamu ziliuzwa nchi za nje.