Riwaya za mapenzi ya mchawi na shetani: zina nini ndani, na mzazi afanye nini?

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa watu na majini. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba wake. Ama baad:

Katika vitabu ambavyo vijana wetu wanasoma kwenye simu siku hizi, zimo riwaya za Kiingereza za kuchekesha ambamo msichana mchawi wa mji mdogo anapendana na shetani. Mzazi akiliona jalada hushtuka. Mmoja huichukua simu kwa ukali, mwingine hunyamaza kwa kuwa hajui aseme nini. Makala hii inaeleza riwaya hizo zikoje, dini yetu inasema nini juu ya mambo yaliyomo, na lipi la kufanya nyumbani.

Riwaya zenyewe

Mfano unaojulikana ni A Witch's Guide to Fake Dating a Demon, ya mwandishi wa Marekani Sarah Hawley, iliyotoka mwaka 2022. Mhusika wake, Mariel Spark, anaishi katika mji wa kubuni uitwao Glimmer Falls. Ukoo wake ni wa wachawi na mama yake anamtarajia makubwa, lakini yeye anapenda kuoka keki na kutunza bustani. Siku moja anafanya uchawi ili apate unga, na badala ya unga anatokea shetani aitwaye Ozroth, ambaye kazi yake ni kuchukua roho za watu kwa mapatano. Hawezi kuondoka mpaka wapatane, na Mariel hataki. Kwa kumwogopa mama yake, Mariel anadai kuwa huyo ni mpenzi wake. Uongo huo unaleta vichekesho, kisha unageuka mapenzi ya kweli.

Wazo lenyewe si geni. Katika tamthilia ya Marekani iitwayo Charmed, iliyoonyeshwa kuanzia 1998 hadi 2006, mchawi Phoebe aliolewa na Cole, aliyekuwa nusu shetani. Na mapatano ya kuuza roho yanatokana na hadithi ya kale ya Kijerumani ya Faust. Tofauti ni kwamba hadithi ile ya kale ilikuwa onyo. Hizi za leo zimeufanya mkataba ule kuwa mzaha, na shetani akawa bwana harusi.

Hapa ndipo penye tatizo

Kwa wengi wa wasomaji wa huko, mchawi na shetani ni viumbe vya ngano tu. Kwetu sisi si hivyo. Majini wapo, wameumbwa kwa moto (55:15), na miongoni mwao wamo Waislamu na waovu (72:14). Iblisi alikuwa mmoja wao, akaasi (18:50). Uchawi nao, katika riwaya ni kipaji cha kurithi kama rangi ya macho. Katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, ni miongoni mwa madhambi saba yenye kuangamiza.

Tena tazama kazi ya wawili hao ndani ya Wahyi. Aya ya 102 ya Suratul Baqara inaeleza kwamba watu walijifunza uchawi wa kumtenganisha mtu na mkewe. Na katika Hadithi ya Sahih Muslim, Iblisi huwatuma askari wake, na anayemsogeza karibu naye ni yule aliyeleta habari kwamba amemfarikisha mume na mkewe. Basi riwaya inawafanya mchawi na shetani kuwa chanzo cha mapenzi, ilhali tumefundishwa kuwa furaha ya Iblisi ni kuvunjika kwa nyumba.

Na je, shetani hutimiza ahadi? Suratu Ibrahim (14:22) inatueleza kwamba Siku ya Kiyama shetani atawaambia waliomfuata kuwa aliwaahidi, akawavunjia ahadi, na lawama ni yao wenyewe.

Je, binadamu na jini huoana?

Swali hili vijana huliuliza, na mafaqihi wamelijadili tangu zamani. Badruddin ash-Shibli, kadhi wa Kihanafi aliyefariki mwaka 769 Hijria, aliliwekea mlango katika kitabu chake juu ya majini. Wengi wamekataa kuwa ndoa hiyo inasihi, kwa kuwa Allah (S.W.) ametaja neema ya wenza wanaotokana na nafsi zetu (30:21). Ndani ya madhehebu yetu ya Shafi, Ibn Hajar al-Haytami aliikataa, na ar-Ramli akaona yawezekana. Imesimuliwa pia kuwa Imam Malik aliichukia, kwa kuchelea kwamba mwanamke atabeba mimba kisha adai mumewe ni jini. Hekima hiyo iko wazi: mlango huo ukifunguliwa, kila uovu utapata kisingizio.

Hukumu ya kusoma

Wanavyuoni wengi wa zama hizi wameruhusu hadithi za kubuni pale msomaji anapojua kuwa ni za kubuni, na zisipopamba haramu. Riwaya tuliyoitaja haivuki sharti hilo la pili. Inapendezesha uchawi, na ina maelezo ya wazi ya faragha ya watu wasiooana. Kwa hiyo inafaa kuachwa. Hata hivyo, aliyeisoma bila ya kuitakidi yaliyomo hakutoka katika Uislamu, na haifai kumtisha kwa neno hilo.

Nyumbani tufanye nini?

Kwanza, muulize mwanao kwa upole kilichompendeza. Huenda akakwambia ni yule msichana anayeshindwa kumwambia mama yake ukweli. Hapo umepata mlango wa mazungumzo ambao usingeupata kwa kunyang'anya simu.

Pili, usiseme binti ana jini mahaba kwa sababu amesoma kitabu, amechelewa kuolewa au amekataa mchumba. Maneno hayo humpaka msichana sifa mbaya mtaani, na mara nyingi huishia kwa mganga wa ramli. Mtume (S.A.W.) amesema kuwa anayemwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, sala yake haikubaliwi siku 40 (Muslim). Angalia ajabu ya jambo hili: mzazi anakimbia uchawi wa kwenye kitabu, kisha anampeleka mwanawe kwenye uchawi wa kweli.

Tatu, mtoto akiwa na hofu au halali usiku, asomewe Ayatul Kursiyy, Suratul Falaq na Suratun Nas, na apelekwe hospitali. Yote mawili ni katika kutafuta sababu.

Tunamuomba Allah (S.W.) azihifadhi nyumba zetu na awape vijana wetu wenza wema.

Wallahu a'lam.